Uso Uliokataa Faundesheni

"Uso umekataa, shoga," Hafsa alisema, akarudi nyuma kidogo ili amtazame vizuri. "Nisikudanganye. Umekataa kabisa."

Dafrosa alijitazama kwenye kioo cha ukutani. Ilikuwa Jumapili, ametoka misa ya kwanza, na duka la vipodozi la Hafsa pale Mtendeni lilikuwa bado na mlango mmoja tu uliofunguliwa. Mwanga wa kiangazi uliingia mkali, haukumwonea mtu huruma. Faundesheni iliyokuwa laini kwenye chupa ilikuwa imegandamana usoni mwake vipande vipande. Pembeni mwa pua ilijikusanya kama unga. Mashavuni ilipasuka. Chini ya macho ilizama kwenye mikunjo na kuichora yote, hata ile ambayo mwenyewe hakujua kama anayo.

"Labda umeweka kidogo," alisema.

"Nimeweka ya kutosha watu wawili."

"Basi ongeza poda juu."

"Nikiongeza poda utafanana na ukuta wa chumba cha kupanga. Chokaa juu ya vumbi. Mpangaji akiegemea tu, anaondoka na ukuta mgongoni."

Dafrosa alitaka kucheka, akahisi shavu linavuta, akaacha.

Zamani uso wake haukuwa na shida. Ulikuwa uso wa mafuta, uliong'aa hata asipopaka kitu, na poda aliinunua ili azime ule mng'ao tu. Lakini tangu kiangazi cha mwaka jana ngozi ilikuwa imegeuka. Ilikauka kama imehamia kwa mtu mwingine. Ilifanya magamba kwenye kidevu. Rangi nayo haikuwa moja tena, paji la uso liliingia weusi, mashavu yakabaki na wekundu wake, hivi kwamba chupa iliyofaa huku haikufaa kule. Aliosha uso kwa sabuni ya mche asubuhi na jioni ili utakate, akapaka, ukakataa, akaosha tena.

"Mgeni wako anakuja saa ngapi?" Hafsa aliuliza.

"Mchana. Vedasto anamleta."

"Ndiye yule dada yake mkubwa?"

"Bernadeta. Amekuja na treni kutoka Tura, kalala kwa ndugu zao. Amekuja kuniona mimi tu."

Hafsa alikaa juu ya kreti la soda akamtazama shoga yake. Walikuwa wamejuana tangu Dafrosa alipofiwa na mumewe akahamia mtaa ule kuuza vitenge. "Umemwambia Vedasto?"

"Nimwambie nini?"

"Usijifanye mtoto. Kwamba mambo ya mwezi yamekoma. Kwamba huzai."

"Hajaniuliza."

"Mwanaume anaanzaje kuuliza hilo? Atakuuliza kama umekula, kama umelala. Hilo hawezi."

Dafrosa alichukua kitambaa akaanza kujifuta, taratibu, kama mtu anayefuta meza ya watu wengine. Alikuwa amechoka. Hakuwa amechoka kwa kazi, kazi aliizoea. Alichoshwa na kuuvaa uso kila alipokwenda kuonana na yule mwanaume, kukaa upande wenye kivuli, kugeuza kichwa jua likimpiga. Vedasto alikuwa fundi wa mabani kule Goweko, mtu wa kujenga vibanda vya kukaushia tumbaku na tanuri zake. Mkewe wa kwanza alifariki bila kumwachia mtoto. Katika nyumba yao mwanaume alikuwa yeye peke yake. Jioni moja, wamekaa kwenye benchi nje ya kanisa, alisema kwa sauti ndogo, "Tukijaliwa wa kike tutamwita Mhoja. Jina la mama." Dafrosa alitabasamu akanyamaza. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Tangu siku ile lile tabasamu lilimlalia kifuani kama jiwe la kusagia.

"Ngoja leo ipite," alisema.

"Leo ikipita itakuja kesho," Hafsa alijibu. Alimpa chupa na sifongo bure. "Paka ukishamaliza kupika, siyo kabla. Na usikae karibu na jiko."

"Nani atapika?"

"Haya. Mungu akusaidie." Hafsa alimsindikiza mpaka barabarani. Mtaa wao ulikuwa kwenye ile njia ya zamani ya kwenda Kwihara, na babu za Hafsa walifika pale na misafara ya pembe za ndovu. "Unajua bibi yangu alikuwa anasema nini? Watu wa mji huu sote ni wajukuu wa waliochoka njiani. Waliokuwa na nguvu waliendelea na safari. Waliochoka walitua mizigo, wakajenga. Tua mzigo, Dafrosa. Hutakuwa wa kwanza."

* * *

Alichinjiwa kuku na jirani, jogoo wa kienyeji mwenye miguu ya njano. Akamchemsha, akamkaanga, akamtia nyanya na kitunguu. Alipika wali na ugali vyote, kwa sababu hakujua mama wa Tura anapenda nini. Aliweka na matobolwa kwenye sahani, maana mtu wa Unyamwezi akiona viazi vile vikavu moyo wake hulainika hata kama alikuja na vita.

Firigisi aliitenga. Aliipika vizuri kuliko kitu kingine chochote, akaiweka kwenye bakuli dogo lenye kifuniko. Kwao Goweko mambo yalikuwa hivyo, na kwa kina Vedasto vilevile. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haigusi. Mwanaume anayekuja kuposa akiletwa na wakubwa wake, anawekewa bakuli la peke yake. Akifunua akala mbele yao, posa imejibiwa, na hakuna tena wa kurudi nyuma. Akiacha, kila mtu anachukua viatu vyake na anaondoka kwa heshima. Hapatamkwi neno.

Alipomaliza aliosha uso kwa sabuni ya mche, akapaka. Ikapasuka. Akaongeza. Alipofika tabaka la tatu akasikia hodi.

"Karibuni," alisema, akatoka na uso wake.

Vedasto alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Alikuwa mrefu, mabega yake yameinama kidogo kwa kuingia na kutoka mabanini, na macho yake yalikuwa mekundu daima kwa sababu ya moshi. Alimtazama Dafrosa kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa mbele ya wakubwa. Dafrosa akainamisha kichwa, siyo kwa aibu ya mapenzi. Alikwepa mwanga wa mlango.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Bernadeta alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye nywele za mvi alizozifunga kwa kitambaa cha kanisani. Alikaa, akatandaza kitenge magotini, akatazama nyumba yote kabla ya kumtazama mwenye nyumba. "Mama Adelina, eti?"

"Ndiyo, dada."

"Binti yuko wapi?"

"Yuko Dar es Salaam. Ameolewa huko. Anatusalimia."

"Ameolewa," Bernadeta alisema, akamgeukia ndugu yake. "Sikia. Binti ameolewa."

"Nimekwambia hayo, dada."

"Umeniambia. Nataka niyasikie na hapa." Alichukua tobolwa akatafuna kwa meno ya upande mmoja. "Mama Adelina, mimi huwa sizunguki. Huyu ndugu yangu nimemlea. Mama yetu alifariki huyu akiwa na miguu kama vijiti, nikambeba mgongoni nikienda kulima. Mama aliniambia neno moja tu, usiache jina la baba yako lipotee. Nimekaa nalo mpaka leo. Sasa mwanaume huyu amechelewa. Ananiambia amepata mke. Mimi namuuliza, ni mke wa kuzaa au ni mke wa kuzeeka naye?"

"Dada," Vedasto alisema.

"Nyamaza, wewe. Umri wako wa kujibu umekwisha, sasa ni wa kusikiliza."

Ndipo lile joto lilipokuja. Lilianzia tumboni, likapanda kifuani, likafika shingoni kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Dafrosa alilijua. Lilikuwa likimjia usiku, likimjia sokoni, likimjia kanisani katikati ya sala. Jasho likachimbuka chini ya yale matabaka matatu na kutafuta njia. Alihisi linapita kwenye nyufa. Alihisi shavu zima la faundesheni linajitenga na uso na kutaka kushuka.

"Samahani," alisema. "Nina chungu motoni."

Hakukuwa na chungu motoni. Aliingia jikoni, kile chumba kidogo cha uani, akasimama ameegemea meza, akafumba macho. Tone likaanguka mezani. Lilikuwa na rangi ya udongo.

"Geuka," sauti ilisema nyuma yake.

Bernadeta alikuwa amesimama mlangoni. Dafrosa hakugeuka.

"Nakuja sasa hivi, dada. Nakaribisha chakula."

"Geuka nikuone."

Akageuka. Hakuwa na nguvu ya kukataa. Bernadeta alisogea, akamshika kidevu kwa vidole viwili, kama mnunuzi anavyoshika jani la tumbaku, akaugeuzia uso kwenye mwanga. Kisha akafanya jambo ambalo Dafrosa hakulitegemea. Alimnusa.

"Sabuni ya mche," alisema. "Wewe ni mtoto wa Goweko."

"Nimezaliwa huko."

"Baba alikuwa mkulima wa tumbaku?"

"Ndiyo."

"Mkivuna, ile gundi inawaganda mikononi na usoni, nyeusi kama lami. Haitoki ila kwa sabuni ya mche. Mama anakusugua mpaka unalia."

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nilisuguliwa hivyo. Lakini wewe tumbaku umeacha lini?"

Dafrosa alifikiri. "Nilipoolewa mara ya kwanza."

"Basi sasa unasugua nini?"

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiosha gundi ambayo haikuwepo. Bernadeta alikwisha kumwaga maji ya moto kwenye beseni, akachanganya na baridi, akachovya kitambaa. Alimkalisha kwenye kigoda. Aliweka kitambaa chenye uvuguvugu juu ya uso wake na kukiacha pale. Hakusugua. Dafrosa akapumua ndani ya giza lile la maji, akasikia mwili wake unaachia kidogo kidogo, na bila kutaka akaona machozi yanatoka. Kitambaa kikayameza.

"Jani likitoka bani limeshakauka, mnafanyaje?" Bernadeta aliuliza.

"Dada?"

"Si umesema wewe ni mtoto wa mkulima? Limekauka, liko kwenye fito. Unalishika?"

"Ukilishika linavunjika. Linageuka unga."

"Kwa hiyo?"

"Unafungua mlango wa bani alfajiri, linakaa, linapata umande. Likilainika ndipo unalishusha, unachambua."

"Haya. Hilo jani ni la kuuza tu, watu wanalichoma moto, mnalifungulia mlango. Uso wako umeufungulia lini?" Aliondoa kitambaa. Hakumkausha. Alichota mafuta ya mgando kwa ncha ya kidole, machache kabisa, akayapasha kati ya viganja, akambonyeza usoni ngozi ikiwa bado na maji. "Usipake. Bonyeza. Halafu subiri. Ninyi watu wa mjini hamjui kusubiri."

Walisubiri. Kutoka sebuleni walimsikia Vedasto akikohoa peke yake, kikohozi cha mtu asiyejua aweke wapi mikono. Dafrosa alisikia ngozi inakunywa. Iliacha kuvuta.

"Lete hicho kichupa." Bernadeta alilowesha sifongo, akalikamua, akagusa faundesheni kidogo, akambandika pale penye weusi wa paji na pembeni mwa mdomo tu. Mashavu aliyaacha yalivyo. Poda aliisukuma pembeni. "Poda ni ya wasichana wanaotoa mafuta. Sisi tunayatafuta."

Lile neno, sisi, lilikaa kati yao.

"Lilianza lini kwako?" Bernadeta aliuliza bila kumtazama.

Dafrosa alijua anaulizwa nini. Angeweza kudanganya. Alichoka hata kwa hilo. "Mwaka juzi ndipo ilipokoma kabisa."

"Nilijua ulipoinuka pale kwenye kiti. Mimi kwa joto hilo nililala nje kwenye mkeka mwaka mzima, mume wangu akadhani nimerogwa." Aliosha mikono. "Ndugu yangu anajua?"

"Hapana."

Bernadeta alikausha mikono kwenye kitenge chake, taratibu, kidole kwa kidole. Alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka kama ya Dafrosa. "Nimekutengeneza kwa sababu siwezi kumwacha mwanamke atoke mbele za watu anamomonyoka. Hilo ni moja. La pili, sikutaki kwa ndugu yangu. Wewe si mbaya, naona. Lakini mimi nina neno la mama yangu. Na kinywa changu hakitamficha Vedasto. Mwambie wewe, au nimwambie mimi njiani."

* * *

Aliporudi sebuleni na sinia la chakula, Vedasto aliinuka kumpokea, akabaki amesimama.

Alikuwa akimtazama. Hakutazama kama mtu anayekagua. Alitazama kama mtu aliyerudi kijijini baada ya muda mrefu akakuta nyumba yao bado ipo. Dafrosa alijua ni mara ya kwanza katika uchumba wao wote anamtazama akiwa upande wa dirisha. Mwanga ulimpiga usoni na hakuna kilichopasuka. Alijua pia kuwa amependeza. Mwanamke hahitaji kioo kujua hilo, macho ya anayempenda yanatosha. Na ndipo moyo ulipomuuma, kwa sababu siku ambayo uso umekubali ndiyo siku ya kuusema ukweli.

Alinawisha mikono, kwanza Bernadeta, kisha Vedasto. Akaweka wali, ugali, mchuzi. Mwisho akaweka lile bakuli dogo mbele ya Vedasto, akarudi kukaa.

Bernadeta alitazama bakuli. Akamtazama Dafrosa.

Vedasto alifunua kifuniko. Firigisi ilikuwa pale, nyeusi kwa viungo, imekatwa msalaba. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama kijana. Akaichukua kwa vidole vitatu, akaiinua.

"Usile kwanza," Dafrosa alisema.

Mkono ukasimama hewani.

"Ukila utakuwa umekula kitu usichokijua. Siku ile ulipotaja jina la Mhoja, nilinyamaza. Sikutakiwa kunyamaza. Mimi sizai tena, Vedasto. Imekwisha tangu mwaka juzi, kabla hatujakaa kwenye lile benchi. Na nimekuzidi umri, siyo sana, lakini nimekuzidi. Hukuniuliza, na mimi nilifurahi kwamba hukuniuliza. Nilikuwa najipaka hivi usijue."

Nje kulipita baiskeli ikigonga kengele. Mchuzi ulitoa mvuke.

Vedasto aliirudisha firigisi kwenye bakuli. Hakuitupa. Aliiweka pale ilipokuwa, akafunika. Kisha akanawa mkono, kwa muda mrefu, kana kwamba una gundi.

"Dada," alisema, "twende nikusindikize."

Bernadeta aliinuka. Wakachukua viatu vyao.

* * *

Dafrosa hakulia. Alikaa mbele ya chakula cha watu watatu mpaka kikapoa. Jua likahama kutoka dirishani kwenda mlangoni. Simu ikaita, Adelina kutoka Dar, akaiangalia mpaka ikanyamaza. Adelina tangu mwanzo alikuwa amesema, "Mama, kwa umri huo unaolewa ili iweje? Watu watatucheka." Leo asingekuwa na nguvu ya kumwambia kwamba ameshinda.

Akaenda uani akaosha uso. Mkono ulikwenda kwenye sabuni ya mche kwa mazoea, ukaifikia, ukaiacha. Alitumia maji tu. Faundesheni ikatoka na maji, kidogo ile, akaona uso wake ndani ya beseni unatikisika, wenye weusi huku na wekundu kule. Ni wake. Hakuna mwingine aliyekuja kuudai.

Akasikia njaa. Ilimshangaza. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni. Alirudi sebuleni, akatazama wali uliopoa, akatazama ugali ulioshika ngozi, akatazama lile bakuli. Akalifunua.

Mama yake aliwahi kumchapa kwa kuramba tu mchuzi wa firigisi. Walimwambia mwanamke akiila atakuwa na kichwa kigumu, ataota ndevu, hataolewa. Dafrosa alihesabu hayo moja moja moyoni. Kichwa kigumu anacho tayari. Ndevu mbili zimeshaota kidevuni. Na kuolewa ndiyo hivyo kumeondoka na viatu vyake.

Akaila. Aliitafuna polepole, amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mafuta yakimchuruzika kwenye kidole.

Ndipo mlango ulipogongwa. Haikuwa hodi ya Hafsa.

"Ingia," alisema, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa na hakuweza kusema zaidi.

Vedasto aliingia. Lile shati jeupe lilikuwa limelowa mgongoni na viatu vimejaa vumbi. Alimkuta sakafuni, hana faundesheni, hana kilemba, uso mtupu unamtazama. Dafrosa alitaka kuinuka kutafuta kivuli. Hapakuwa na kivuli. Akabaki pale pale.

Vedasto alivuta kiti, akakiacha, akakaa sakafuni ukuta wa pili.

"Nilimpeleka dada," alisema. "Halafu nikatembea mpaka stesheni. Sina safari. Nikatembea tu. Nimerudi."

"Umerudi kuniambia nini?"

"Nimekasirika. Hilo kwanza."

"Ni haki yako."

"Na mtoto nilimtaka. Nisikudanganye kwamba sikumtaka. Nilikuwa nikijenga bani peke yangu namtengenezea na uso." Alipangusa macho yake mekundu. "Lakini siyo hilo lililonitoa hapa. Nilitaja jina la mama yangu, wewe ukanichekea. Nimetembea na tabasamu lile mpaka stesheni na kurudi."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Hivi. Kwamba utanawa mkono."

Vedasto alivitazama viganja vyake. "Siku nikitaja kitu kikubwa tena," alisema, "usininyamazie. Niambie hata kama kinauma. Nitanawa, nitatembea, nitarudi. Mimi ndivyo nilivyo."

Dafrosa aliyapima maneno yale. Hayakuwa matamu. Yalikuwa ya kukalia, kama kigoda. "Na dada amesema nini?"

"Amesema hajakubali."

"Najua."

"Amesema kesho anarudi Tura na hajakubali. Nilipofika getini akaniita. Akasema, mwambie huyo mwanamke aache ile sabuni ya mche."

Dafrosa alijigusa kidevu, pale Bernadeta alipokishika.

"Sijala tangu jana," Vedasto alisema, akatazama meza. Akainuka, akalifuata lile bakuli dogo, akafunua kifuniko. Akalichungulia. Akaliinamisha kuelekea kwenye mwanga, kana kwamba kitu kimejificha. "Firigisi iko wapi?"

"Nimekula."

"Nani?"

"Mimi."

Alimtazama, kisha bakuli, kisha yeye tena. "Umekula firigisi."

"Nilikuwa na njaa. Nilidhani hurudi."

"Mwanamke wa Goweko amekula firigisi."

"Yote."

Kitu kilianza kutikisika mabegani mwa Vedasto. Alidhani atakizuia, hakikuzuilika. Alicheka mpaka akashika meza, kicheko cha mtu aliyechoka ambacho hakina nguvu ya kujizuia, na Dafrosa akaanza naye, mdomo umejaa mafuta, shavu halivuti tena.

"Ikoje?" Vedasto aliuliza alipopata pumzi.

"Ngumu. Miaka yote mnatunyima kitu kigumu hivi."

"Basi mwenye nyumba ni wewe." Alikaa chini, safari hii upande wake, bega kwa bega, na bakuli tupu mapajani. "Wamesema wazee wenyewe. Anayekula ndiye mwenye nyumba, na akila posa imejibiwa. Nikaribishe basi. Nipe hata shingo."

"Karibu," Dafrosa alisema.

Alitaka kuinuka kumpashia moto chakula. Vedasto alimshika mkono, akamzuia. Kwa kidole gumba alifuta mafuta ya kuku yaliyokuwa pembeni mwa mdomo wake. Hakujua ayaweke wapi. Akayapaka shavuni mwa Dafrosa, pale palipokauka zaidi, polepole, na ngozi ikayanywa.